Kutoka Ikinga mpaka kipilefti: sema unakwenda wapi!

Kama hujawahi kufika Ikinga, basi panga safari. Ni kata ya wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, pande zile ambako Mto Songwe unatutenganisha na Malawi. Kutoka Tunduma unarudi kidogo hadi Mpemba, unaiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kisha unashika ile ya kwenda Isongole. Makelele ya malori yanabaki nyuma. Mbele yako ni milima, migomba, kahawa na ubaridi unaodai sweta.

Kote nilikopita huko milimani sikuona kipilefti hata kimoja. Cha ajabu, ni huko huko nilikokaa saa nzima nikizungumzia vipilefti! Kijana wa mwenyeji wangu ni dereva wa bodaboda, na alikuwa anajiandaa kwenda Dar. Binamu yake amemtafutia pikipiki ya mkataba. Kona za mlimani anazijua kama kiganja chake. "Dada, mimi utelezi siuogopi," aliniambia. "Kinachonitia hofu ni ile duara ya mjini. Watu wanaingiaje? Na wanatokaje bila kugongana?"

Swali zuri, tena la uhai na kifo. Tukachukua kijiti, tukachora uani. Figa moja likawa Sanamu ya Askari, ile iliyosimama katikati ya Dar tangu 1927. Magunzi ya mahindi yakawa magari. Darasa likaanza.

Jina lenyewe linakufundisha
Kipilefti ni neno la mtaani lililotokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Wenzetu wa Kenya wanasema raundabauti. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo duara tunaizunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Ukifika mlangoni, unampisha aliyekwisha kuingia, yule anayekuja kutoka kulia kwako. Usione ni jambo dogo: Waingereza walikuwa na vipilefti tangu kile cha mji wa Letchworth, mwaka 1909 hivi, lakini kanuni ya kumpisha wa kulia waliiweka kitaifa Novemba 1966. Kabla ya hapo magari yalikuwa yanajazana ndani mpaka duara inakwama yenyewe.

Sasa indiketa. Chukua kipilefti cha njia nne:

Unakwenda kushoto, njia ya kwanza: washa ya kushoto kabla ya kuingia, kaa upande wa kushoto, toka nayo.

Unanyoosha: ingia bila kuwasha kitu. Ukishaipita njia iliyo kabla ya ile yako, washa ya kushoto, kisha toka.

Unakwenda kulia, au unageuza kurudi ulikotoka: washa ya kulia kabla ya kuingia. Zunguka nayo. Ukishaipita njia iliyo kabla ya ile yako, badili, washa ya kushoto, kisha toka.

Kijana alisukuma magunzi yake mara mbili, tatu, akaelewa. Lakini aliyetoboa siri ya jambo lote ni mama yake, aliyekuwa pembeni akichambua maharage. Aliinua kichwa akauliza, "Na huyu anayesubiri hapa, atajuaje kwamba nyie mnatoka?"

Yaani hapo ndipo penyewe! Madereva wengi wanakumbuka kuwasha wakati wa kuingia na kusahau wakati wa kutoka. Wakati ile ya kutoka ndiyo inayosubiriwa na watu wengi zaidi: dereva aliyesimama mlango unaofuata, bodaboda aliye ubavuni mwako, na mama mwenye beseni kichwani anayetaka kuvuka. Fanya hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa linakula mita 11 kila sekunde. Ukimwashia mtu taa sekunde tatu kabla, umempa zaidi ya mita 30 za kufikiri. Usipowasha, anabahatisha. Na wanaobahatisha barabarani ndio tunaowalilia.

Pikipiki ina yake
Hapa bodaboda wasikilize vizuri. Usukani wa gari ukirudi sawa, indiketa huzimika yenyewe. Tena kwenye kipilefti, kwa vile unakata huku na huku, inaweza kuzimika mapema kabla hujatoka, ikabidi uwashe upya. Pikipiki nyingi za biashara hazina huruma hiyo. Usipoizima kwa kidole gumba itamulika mpaka kijiwe kinachofuata. Indiketa iliyosahaulika ni uongo. Unamwambia mwenzio unatoka kumbe unaendelea, naye anaingia akikuamini. Nilimwambia kijana awe na wimbo wake mmoja: washa, toka, zima.

Lugha ya malori
Kwa aliyekulia jirani na Tunduma kuna mtego mwingine. Kwenye barabara kuu madereva wa malori wana lugha yao. Wa mbele akiwasha ya kulia, mara nyingi anakuambia, "Tulia, kuna gari linakuja." Akiwasha ya kushoto, "Njia nyeupe, pita." Ni ustaarabu mzuri na umeokoa wengi, ingawa hata huko inabidi uhakikishe kwa macho yako, maana huenda mwenzio anataka kusimama au kukata kona tu.

Ukifika mjini, lugha hiyo iache getini. Kwenye kipilefti ya kushoto haina maana ya "pita". Maana yake ni "natoka". Na semi inapotoka, kichwa kinaweza kupanua kwanza kwenda kulia, halafu tela likaja kukata kwa ndani, upande wa kushoto. Ile nafasi tamu unayoiona kati ya tela na ukingo wa barabara inajifunga mbele ya macho yako, na dereva aliyekaa kulia kule juu hakuoni kabisa. Pale lori linapomulika kushoto, kaa nyuma yake. Abiria wako akikuharakisha, mwache anune.

Halafu kuna wale wanaovuka Tunduma kuingia Zambia na kuendelea mpaka Kongo. Zambia wanaendesha kushoto kama sisi. Wakishapita Kasumbalesa, kila kitu kinageuka: Kongo wanashika kulia, duara inazungukwa kinyume na mshale wa saa, na taa ya kutokea ni ya kulia. Hivyo hivyo kwa wanaokwenda Rwanda kupitia Rusumo. Mkono unabadilika, lakini kanuni ni ile ile: mwambie mwenzio kabla hujatenda.

Somo la kwenda nalo nyumbani
Nimekuwa nikijiuliza kwa nini watu wanaona uvivu kunyanyua kidole. Wengine watakuambia, "Aa, mimi najua ninakokwenda." Ndugu yangu, tatizo liko kwa wengine, hawajui! Si ndiyo malalamiko tunayoyasikia kila siku hata kwenye mapenzi? Mtu anaamua kimoyomoyo, anakata kona, halafu anashangaa mwenzi wake kaumia. Indiketa haiombi ruhusa wala haikupi haki ya kupita. Ni taarifa tu, na taarifa ina maana ikiwahi. Ukiwasha huku umeshakata kona, umetangaza msiba badala ya kuuzuia.

Kwa hiyo ukiwa njiani wiki hii, iwe Arusha kwenye Mnara wa Saa au Mwanza pale kwa Samaki, jaribu hivi. Punguza mwendo kabla ya duara. Mpishe wa kulia. Trafiki akiwepo, fuata mkono wake kwanza. Angalia vioo na ubavu wa kushoto, washa ya kutokea, na hata ukiona barabara tupu, washa tu. Huenda kuna mtu nyuma ya ua au nyuma ya daladala ambaye wewe hujamwona, lakini yeye anakuangalia, anasubiri umwambie unakwenda wapi.