Xena na Gabrielle walipohamia Bulyaga

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba zenye deki hapa Bulyaga zilijulikana moja moja, na sisi wasichana tulijua ni ipi tungekaribishwa. Vibanda vya video vya mjini Tukuyu vilikuwa vya wavulana. Binti akionekana kule, habari ilimtangulia nyumbani. Kwa hiyo tulikwenda kwa mama mmoja jirani, muuza vitenge, ambaye mwanawe alimletea kanda kutoka Mbeya. Mvua ya Rungwe ikianza haina haraka ya kukatika, na mama yule hakuwa na moyo wa kututoa nje. "Kaeni, wanangu," alisema, "ila mtanimenyea ndizi." Tukamenya, macho yakiwa kwenye kideo.

Katika kanda hizo ndimo tulimokutana na Xena. Mfululizo huo ulipigwa picha New Zealand na kurushwa Marekani kuanzia 1995 hadi 2001. Lucy Lawless alikuwa Xena, mbabe wa vita anayezunguka akilipia maovu yake ya zamani. Renee O'Connor alikuwa Gabrielle, msichana wa kijijini aliyekimbia kuolewa akamfuata, na kuandika yote waliyoyapitia. Tulizoea stelingi mwanamume na mwanamke wa kuokolewa. Hapa stelingi alikuwa mwanamke, na aliyempenda kuliko watu wote alikuwa mwanamke mwenzake. Watengenezaji hawakulitamka jambo hilo waziwazi, lakini walituonyesha jinsi wawili hao walivyotazamana, na jinsi kila mmoja alivyokuwa tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Pale sebuleni hakuna aliyelipa jina. Sote tuliliona.

Kanda hazikuja kwa mpangilio. Leo Gabrielle anapigana kwa fimbo kama askari, wiki ijayo hajui hata kujikinga. Nyingine zilikatika kabla ya mwisho. Tena zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani. Watazamaji wa vibandani walikuwa na Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliyezitia sauti yake ya Kiswahili filamu za kigeni na kuzichanganya na maneno ya mtaani. Sisi tulikuwa na shoga yangu mmoja, bingwa wa Kiingereza darasani. Alitufasiria pale pale, na kesho yake shuleni aliendelea. Kanda ilipokatika, yeye hakukatika. Tulipomsumbua mno akaanza kuandika kwenye kauntabuku, nasi tukapokezana kusoma, kila mmoja akidai sura ifuatayo.

Mle kwenye kauntabuku Ugiriki iligeuka Rungwe. Argo, farasi wa Xena, alifungwa kwenye migomba. Gabrielle aliugua kando ya Ziwa Ngosi, na Xena akashuka usiku kumtafutia dawa kwa bibi mmoja aliyemsalimu Kinyakyusa. Mwishowe walivuka Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, wakajenga nyumba yao ng'ambo, wakalima na kuishi pamoja.

Nyumba hiyo ndiyo iliyotugusa. Wazee walitusimulia kwamba zamani vijana wa kiume wa rika moja walitoka makwao wakajenga kijiji chao wenyewe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliviandikia vijiji hivyo kitabu kizima, Good Company, kilichotoka 1951. Mwanamke alikwenda aliko mumewe. Kijiji cha wanawake waliochaguana hakikuwamo katika masimulizi yoyote tuliyoyasikia, na shoga yangu alikijenga kwa kalamu ya wino wa buluu.

Kauntabuku lile lilipita mikono mingi, hadi mtu mzima mmoja alipolichukua. Halikurudi.

Baadaye, katika intaneti kafe Dar es Salaam, niliandika jina la Xena nikakuta hadithi zisizohesabika. Wanawake wa nchi nyingi walikuwa wakifanya kazi ile ile. Mashabiki wa mfululizo wa Star Trek walishatoa jarida lao, Spockanalia, mwaka 1967, na baadaye mapenzi yaliyoandikwa sana yalikuwa ya wanaume wawili wa mfululizo huo, Kirk na Spock. Xena ndiye aliyefungulia mlango mkubwa hadithi za wanawake wawili. Mashabiki walioziandika walijiita malenga, kama Gabrielle. Wengi waliwahamishia wapenzi hao katika zama nyingine na majina mengine, na baadhi ya kazi hizo zikachapishwa kuwa riwaya. Mmoja wao, Melissa Good, aliitwa kuandikia msimu wa sita wa mfululizo wenyewe. Na Xena alipouawa katika sehemu ya mwisho mwaka 2001, mashabiki walikataa. Kwetu kila mtoto wa kibandani anajua kwamba stelingi hafi. Wao walichukua kalamu wakamfufua.

Hata hapa Tanzania kazi hiyo ya kuunda upya hadithi za wengine haikuwa ngeni. Filamu ya Titanic ilipotufikia, Joshua Amandus Mtani aliichora upya kwa Kiswahili katika kitabu cha katuni, na hakuna aliyeshangaa. Lakini binti wa Bulyaga aliyeandika upya mapenzi ya wanawake wawili alinyang'anywa daftari. Mwaka 2019 hifadhi ya hadithi za mashabiki iitwayo Archive of Our Own ilipewa tuzo ya fasihi ya Hugo, na niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yeye kwanza. Alikuwa mwandishi wa kwanza niliyemfahamu, na ndiye aliyenifundisha kwamba hadithi isiyotutosha inaweza kuandikwa upya.

Mzazi, mwalimu, ukikuta daftari la namna hiyo chini ya godoro la binti yako, lisome hadi mwisho, kisha umrudishie mwenyewe. Na wewe binti unayeandika, usiache.