Angalia Aliyeshika Kamba: Mimi, Babu na Malkia wa Mbio za Farasi

Wasee, leo hakuna udaku. Sina habari ya nani kaachwa wala nani kaonekana na nani Westlands. Leo napiga stori ya farasi. Ndio, farasi, tena majike. Vumilia kidogo, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho nimekificha miaka mingi.

Ilikuwa Jumapili moja mwaka 2017. Mimi na mabeste zangu tulienda Ngong Racecourse, na tusidanganyane, hatukwenda kuona farasi. Tulienda kupiga picha. Kofia kubwa, miwani, gauni la kuazima. Mbio zikipita nyuma yetu, sisi tunauliza tu, "Mwanga uko poa?"

Mara nikamwona Babu anakuja upande wetu. Koti lake lile la kahawia, gambuti zina matope, uso umejaa furaha. Babu alikuwa saisi, yule mtu anayemlisha farasi, anamwogesha, anamlaza, anamshika kamba mpaka uwanjani. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu bado alipenda kupitia mabandani kuwasalimia wenzake.

Beste yangu mmoja akaniuliza, "Kwani huyu ni nani?"

Nikasema, "Ah, ni mzee wa mabandani tu. Anajuana na kila mtu."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alisikia. Akatabasamu, akamgeukia beste yangu, akasema, "Karibuni sana, wasichana. Msisimame karibu na uzio." Kisha akaenda zake.

Basi. Hakunigombeza, hakupiga simu kwa Mama kunishtaki. Wiki mbili nilishindwa kulala vizuri.

Jumamosi ya pili nikaenda kwake Dagoretti. Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha, lakini nilipofika maneno yakanikwama. Nikakaa tu na chai mkononi. Babu ndiye aliyeokoa jahazi. Akauliza, "Mama, hiyo simu yako inaweza kuleta mbio za zamani?"

Nikamwambia inaweza, bando ninayo. Akavuta stuli.

"Nitafutie yule mama wa Marekani anayecheza ngoma."

Nilidhani Babu ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe ni Zenyatta. Ukitaka kuelewa, mtafute mwenyewe uone anavyoingia uwanjani: anainua miguu ya mbele kama bibi harusi anayejua watu wanamwangalia. Halafu mbio zikianza, anabaki nyuma kabisa. Mwisho! Unasema huyu ameisha. Wakikata kona ya mwisho ndipo anaamka, anawapita mmoja mmoja. Hivyo ndivyo alivyoshinda Breeders' Cup Classic mwaka 2009 pale Santa Anita, akawa jike wa kwanza kushinda mbio hizo mbele ya madume. Alinunuliwa dola 60,000 tu, pesa ndogo sana katika biashara hiyo.

Alishinda mara 19 mfululizo. Mbio ya 20, mwaka 2010, alichelewa kuamka kidogo, dume mmoja anayeitwa Blame akamshinda kwa kichwa. Mimi nikapiga kelele pale chumbani. Babu wala hakutikisika. Akasema, "Usimwangalie joki. Angalia aliyeshika kamba."

Nikarudisha video nyuma. Kweli, kabla ya mbio kuna mtu anatembea ubavuni mwa farasi, kamba mkononi. Kamera haimtaji. Mtangazaji hamtaji.

"Huyo," Babu akasema, "ndiye atakayelala naye leo usiku ameshindwa."

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa zetu. Mimi naleta bando na mandazi, yeye analeta majina. Na karibu yote yalikuwa ya majike. Nikamuuliza mbona hivyo. Akasema dume mzuri anasifiwa kabla hajakimbia, lakini jike lazima akimbie kwanza. Najua kuna mtu atasema majike hupunguziwa uzito mgongoni wakikimbia na madume. Ni kweli, kama kilo moja na kitu. Nilimwambia Babu hivyo hivyo. Akanijibu, "Haya, beba wewe hiyo kilo moja umfikie Winx."

Winx! Huyu wa Australia ndiye aliyeniteka mimi. Mwanzoni alikuwa wa kawaida, leo anashinda, kesho anapoteza. Halafu katikati ya mwaka 2015 kitu kikabadilika, na hakushindwa tena mpaka anastaafu. Mbio 33 mfululizo. Cox Plate, moja ya mbio kubwa kule Melbourne, alichukua mara nne, 2015 mpaka 2018. Alipokimbia mara ya mwisho Sydney, Aprili 2019, kwetu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Babu alivaa koti lake la kahawia kabisa, ndani ya nyumba, kama anaenda kazini. Winx aliposhinda Babu alisimama, akapiga saluti kwa simu.

Kabla yake Australia walikuwa na Black Caviar: mbio 25, ushindi 25, hajawahi kushindwa. Juni 2012 walimsafirisha mpaka Uingereza, Royal Ascot. Karibu na mwisho joki wake alitulia akijua kazi imeisha, na kidogo wampite. Alishinda kwa kichwa. Watu wakaanza kelele, eti si lolote. Baadaye vipimo vikaonyesha alikuwa amechanika misuli. Alikimbia akiwa ameumia.

Babu alikunja uso hapo. "Saisi wake alijua," akasema. "Saisi hujua kabla ya daktari. Lakini nani humuuliza?"

Kulikuwa na mmoja tu ambaye Babu hakukubali tumtazame. Ruffian. Nilimsoma mwenyewe usiku, na niseme ukweli, nililia. Mmarekani, wa kahawia iliyokolea, mbio kumi za mwanzo alishinda zote akiwa mbele tangu mwanzo. Tarehe 6 Julai 1975 pale Belmont Park, New York, wakampambanisha na dume aliyekuwa ameshinda Kentucky Derby mwaka huo, Foolish Pleasure. Wawili tu uwanjani. Ruffian alikuwa mbele mguu ulipovunjika, na bado akaendelea kukimbia huku joki akijaribu kumsimamisha. Walimfanyia upasuaji. Alipozinduka akaanza kurusha miguu kama yuko bado kwenye mbio, akajiumiza tena. Ikabidi wamlaze moja kwa moja.

Nilipomuuliza Babu mbona hataki, alikaa kimya sana. Kisha akasema naye alikuwa na wake. Jike, wa rangi ya chai. Asubuhi moja mazoezini mguu ukaenda. Babu ndiye aliyemshika kamba mpaka daktari alipomaliza. Mwenye farasi alikuwa amesimama mbali, hakuweza kutazama.

"Aliitwa nani, Babu?"

"Jina lake lilikuwa la mwenyewe," akasema. "Mimi nilimwita wangu."

Sikuuliza tena.

Siku hiyo, nikitaka kumchangamsha, nikamsomea habari za Kincsem wa Hungary. Huyu ni wa zamani kweli, kati ya 1876 na 1879. Alikimbia mara 54, akashinda mara 54, akizunguka Ulaya kwa treni na paka wake. Jina lake maana yake ni "hazina yangu". Inasimuliwa kwamba alikuwa na saisi aliyejulikana kwa jina moja tu, Frankie. Usiku mmoja wa baridi Frankie alilala bila blanketi, na Kincsem akavuta lake akamfunika. Na kwa kuwa Frankie hakuwa na jina la ukoo, akatumia la farasi. Frankie Kincsem. Wanasema hata kaburini liliandikwa hivyo.

Babu alicheka mpaka akatoa machozi. "Huyo alilipwa," akasema.

Hapo ndipo nikasema. Bila kupanga. "Babu, ile siku ya Ngong. Nisamehe."

Akachukua andazi. "Siku gani? Mimi nakumbuka wasichana wamesimama karibu na uzio." Akanisukumia sahani. "Kula, Mama."

Babu alituacha Februari 2024. Kwenye karatasi ya mazishi waliandika kwamba alifanya "kazi mbalimbali Nairobi". Nilisoma hayo maneno mara tatu. Zamu ya wajukuu ilipofika, nikachukua maiki na kusema mbele ya watu wote, na yule beste yangu wa 2017 akiwa amekaa safu ya tatu: "Babu yangu alikuwa saisi. Zaidi ya miaka thelathini. Na mimi ni mjukuu wake." Nyuma kule, wazee wanne waliovaa gambuti wakasimama.

Agosti mwaka huo huo Black Caviar akafa, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18. Nilikuwa kwenye matatu nilipoona habari. Mtandaoni kila mtu akaweka picha ya ushindi wake, joki juu. Mimi nilitafuta picha nyingine. Nikaipata: yuko njiani kuingia uwanjani, na pembeni yake kuna mtu ameangalia chini, kamba mkononi.

Hiyo ndiyo niliyoweka kwenye stetasi. Bila maelezo.

Haya, zamu yenu. Kwenu nani ndiye aliyeshika kamba? Mwandike hapo chini, hata kama ni jina moja tu.