Kadi iliyobadilika usiku, na mzee wa tali pale Shimanzi

Kazi zimenizidi, umeme nao una mambo yake, na jioni nikipata nafasi naishia kucheza kadi kwenye simu badala ya kuandika. Basi leo nimeona niandike kuhusu hizo kadi zenyewe, maana zina uhusiano na kisa kimoja kilichonitokea kazini, kisa ambacho nimekaa nacho tangu 2023 bila kukisema.

Kwa wasioujua: kuna mchezo uitwao Magic: The Gathering. Ulibuniwa na Richard Garfield, mtu wa hisabati, na ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1993. Si kama karata zetu ambapo jozi ni moja na wote mnagawana. Hapa kila mchezaji anakuja na jozi yake, kwa kawaida kadi 60, alizozichagua mwenyewe kutoka maelfu ya kadi zilizopo. Kadi huuzwa kwenye pakiti zilizofungwa, hujui umepata nini mpaka ufungue, na zile adimu watu hubadilishana au huuziana. Kadi za karatasi sijawahi kuzishika kwa wingi, maana nilianza 2021, mwaka ambao Magic Arena ilitoka kwa simu. Kabla ya hapo ilikuwa ya kompyuta tu, na laptopu niliyokuwa nayo chuoni ilikuwa ikikoroma hata nikifungua kurasa tatu.

Sasa tuingie kwenye utamu. Ndani ya Arena kuna mifumo ya mashindano inayofuata kadi za karatasi vilevile zilivyo. Lakini kuna mmoja, Alchemy, uliozinduliwa tarehe 9 Disemba 2021, ambao huwezi kuucheza mezani hata ukitaka. Una kadi ambazo hazikuchapishwa kwenye karatasi, na zinafanya mambo ambayo karatasi haiwezi. Zile za kwanza za aina hiyo zilikuwa zimeingia miezi michache kabla, Agosti 2021, kwa wanaocheza mfumo wa Historic.

Hebu fikiria mko barazani Kuze mnacheza wahedi wa sitini. Umeweka ree ya shupaza, mwenzio kaijeruhi kwa namna fulani, halafu mkono umekwisha na karata zimechangwa upya. Ree ile ikirudi mkononi mwako, inarudi bado imejeruhiwa! Mtafanyaje? Mtaiandika kwa kalamu? Mkiiandika, kila mtu ataitambua mgongoni na mchezo umeharibika. Kompyuta haina shida hiyo. Kwake kadi si karatasi, ni kumbukumbu tu kwenye seva, na kumbukumbu inaweza kubeba jeraha popote iendapo bila mtu kuliona. Vilevile kuna kadi zinazosema "nitafutie humu ndani kiumbe chochote, unipe", na kompyuta inachomoa kimoja bila wewe kuona zilizobaki wala kuchanga upya. Mezani ungehitaji mtu wa tatu asiye na upande, akae hapo usiku kucha awatafutie. Nyingine zinaumba kadi mpya kabisa ambayo hukuja nayo.

Kwa sisi waandika programu raha iko nyuma ya pazia. Injini ya sheria ya Arena imeandikwa kwa C++ pamoja na CLIPS, lugha ya zamani ya mifumo ya kanuni ambayo wengi wetu tuliisikia darasani siku moja na kuisahau. Kuna programu nyingine inayosoma maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kadi na kuyageuza kuwa kanuni. Yaani haiandikwi kadi moja moja kwa mkono, maandishi ya kadi yenyewe ndiyo msimbo! Mimi siku niliyolijua hilo sikulala vizuri.

Na pale penye msimbo, hitilafu haikosi. Iko kadi moja ya dijitali, Davriel's Withering, ya bei rahisi sana, inayomnyauisha kiumbe: nguvu inapungua 1, uhai unapungua 2, na mnyauko haumtoki tena. Ilikusudiwa uwanyaushe viumbe vya adui. Wachezaji wakagundua ukimnyausha ndege wako mwenyewe, Vesperlark, mambo yanakuwa mengine. Vesperlark ana nguvu 2 na uhai 1, na akiondoka mezani humfufua kiumbe wako yeyote aliyekufa mwenye nguvu isiyozidi 1. Mnyaushe, anakufa. Nguvu yake sasa ni 1, kwa hiyo anaweza kujichagua mwenyewe. Anafufuka, lakini mnyauko umo ndani yake, anakufa tena, anafufuka, anakufa... Ukiwa na kadi ya tatu inayomnyonya mpinzani uhai 1 kila kiumbe wako anapokufa, mchezo umekwisha. Huo ni mzunguko usio na mwisho, ndugu zangu, ule ule tunaopigwa nao fimbo mwaka wa kwanza. Baadaye kadi ikaandikwa upya: kiumbe wa mpinzani pekee.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote. Kadi ya karatasi ikitoka kiwandani imetoka. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, kilichobaki ni kuipiga marufuku mashindanoni. Ya dijitali unaibadilisha tu, watu wakilala. Siku Alchemy ilipozinduliwa, pamoja na kadi mpya, baadhi ya kadi za zamani zilizotoka kwenye karatasi nazo zilirekebishwa kwa ajili ya mfumo huo. Moja ni Luminarch Aspirant, kiumbe mdogo mweupe wa bei 2, ambaye kila zamu yako, pigano linapoanza, kiumbe wako mmoja huongezewa 1 ya nguvu na 1 ya uhai. Walichofanya ni kusogeza sentensi: badala ya mwanzo wa pigano, sasa ni mwisho wa zamu. Kama mtu aliyehamisha mstari mmoja wa msimbo ukashuka chini kidogo. Lakini kiumbe uliyemweka zamu ya pili, zamu ya tatu alikuwa akishambulia akiwa na 3, sasa anashambulia na 2. Jozi nzima inapumua tofauti.

Mimi nilikuwa nimetumia vibali vyangu vinne vya kadi adimu (Arena hakuna kubadilishana na mtu, unapewa vibali vya kujichagulia) kuchukua viumbe hao wanne, wiki moja kabla. Tangazo lilikuwa limetolewa, sikulisoma. Kosa langu. Kwa sera ya wakati ule, kadi ikipigwa marufuku unarudishiwa kibali, ikirekebishwa hurudishiwi, na duniani kote wachezaji walilumbana sana juu ya hilo. Nilikasirika siku mbili, nikazoea. Hata mabingwa walicheza hivyo hivyo: ubingwa wa Neon Dynasty, Machi 2022, ulichezwa kwa Alchemy na Historic, kila mtu kwenye kompyuta yake, akashinda Eli Kassis.

Haya, sasa Shimanzi.

Wenyeji mnapajua: matangi ya mafuta upande mmoja, magodauni upande mwingine, malori yamejipanga mpaka watu wa miguu hawana pa kupita, na ukifika karibu na magodauni ya chai unasikia harufu ya majani kabla hujaona mlango. Mnada wa chai wa Mombasa ulihamia kwenye mtandao mwaka 2020 wakati wa korona, na tangu hapo kila ghala limetaka data zake ziwe safi. Mimi niliajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza programu za maghala, na ghala moja huko (sitalitaja) lilikuwa langu.

Pale mlangoni alikuwapo mzee mmoja, karani wa tali. Lori likija anahesabu mifuko, mzani unasoma, anaingiza. Alikuwa hatazami kibodi. Macho yako kwa makuli, vidole vinaenda vyenyewe: idadi ya mifuko, kitufe, uzito, kitufe. Alianza kazi hiyo wakati wa madaftari.

Siku moja mwaka 2023, Alhamisi usiku, nikiwa nyumbani, nikabadilisha skrini. Mzani mpya ulikuwa unatuma uzito kwanza, kwa hiyo nikaona ni busara uzito uje juu na idadi ya mifuko ishuke chini. Mstari mmoja nikausogeza. Nikapima mara mbili, nikapandisha, nikafungua Arena nikacheza.

Ijumaa asubuhi mzee akaingiza kama kawaida yake. 40, kitufe, 2640, kitufe. Kompyuta ikaandika: uzito kilo 40, mifuko 2640. Sikuwa nimeweka kizuizi chochote, ikapokea. Malori tisa yakapita hivyo kabla msimamizi hajaona. Nilipopigiwa simu, niliambiwa kwamba mzee "macho yameisha", kwamba amewekwa pembeni na kijana wa ofisini ameketi mahali pake.

Nilijua papo hapo ni mimi. Na sikusema! Nilisema nitaangalia. Nikazirekebisha rekodi tisa zile kimya kimya, nikaenda kuswali Ijumaa, nikarudi, nikakaa. Saa kumi jioni ndipo nilipokwenda Shimanzi kwa miguu yangu nikamwambia msimamizi kwamba mzee hakukosea, mimi ndiye niliyehamisha nafasi bila kumwambia mtu. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi kamwambie mwenyewe."

Mzee alikuwa kwenye benchi nje, kofia mapajani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikaeleza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwanangu," alisema, "mimi tangu asubuhi najiuliza, hivi nimeanza kusahau? Marehemu baba yangu alisahau."

Jumatatu alirudi mahali pake, akiwa na daftari dogo la shule. Kila asubuhi kabla ya lori la kwanza aliandika mpangilio wa skrini ulivyo siku hiyo. Aliendelea hivyo kwa miezi, hata nilipokuwa nimerudisha mpangilio wa zamani.

Jibu nililipata kwenye Arena, ajabu. Kadi ya karatasi iliyorekebishwa kwa Alchemy huwekewa alama ya A kwenye jina, ili ujue kabla ya kuicheza kwamba si ile uliyoizoea, na ile ya asili hubaki ilivyo kwenye mifumo inayofuata karatasi. Nikafanya vivyo hivyo. Skrini yoyote niliyoigusa ina ukanda wa manjano juu kwa wiki mbili, na kitufe cha kurudi kwenye ya zamani. Sipandishi kitu Alhamisi usiku tena. Na mifuko 2640 kwenye lori moja sasa haipokelewi, wallahi hilo nilipaswa kuliweka tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa pale tukingoja lori lililokwama Makupa. Mzee akanikuta nacheza, akauliza ni karata gani hizo zenye picha za majoka. Nikamwonyesha Davriel's Withering ikimnyausha kiumbe wa mpinzani.

"Sasa huyu akirudi mkononi, bado mgonjwa?"

"Bado, mzee. Hata akifa akafufuka."

Akafikiri kidogo, akavaa kofia yake. Lori lilikuwa linaingia getini.

"Na mwenyewe ameambiwa?"