Shangazi na miezi ya eda

Baba alifariki Novemba 1997, mvua za Elnino zikiwa zimeshaanza kuielemea Tanga. Alizikwa baada ya swala ya alasiri, na jioni ile nyumba yetu ya Ngamiani ilijaa watu mpaka barazani. Wanaume walikaa nje juu ya majamvi, chini ya turubai lililojaa maji. Wanawake walikuwa ndani na mama. Majirani walileta ubani, kuni na mchele, na kila aliyeingia alikuwa na neno la kutupoza.

Ikasomwa hitma, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao. Hapo ndipo nyumba ilipotutisha. Mama alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi wala hajitii manukato. Nani angekwenda sokoni Mgandini? Nani angetuamsha kwenda shule?

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuondoka. Hakungoja kuombwa. Aliagiza kanga zake kutoka Pangani, akatandika mkeka chumbani kwetu watoto, na tangu hapo tukawa tunaamka kwa sauti ya nazi ikikunwa uani. Mama alipomwambia, "Wifi, utachoka," alijibu, "Wewe kaa eda yako, wifi. Haya ya huku niachie mimi." Baba mdogo naye alikuja kila jioni na baiskeli yake, nguo zimemganda mwilini kwa mvua, kuuliza kama tumekula. Bati lilipovuja, alipanda mwenyewe akaziba matundu kwa lami.

Ramadhani iliingia mama angali edani. Magharibi moja shangazi alikuwa akipakua futari, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Kichwa cha samaki siku zote kilikuwa cha baba. Alikitoa, akakiweka kwenye sahani, akaifunika kawa na kuisogeza pembeni, kama vile baba yuko msikitini na atarudi. Mkono ukasita juu ya kawa. Akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tangu tuko wadogo," alisema, "kichwa namwachia yeye."

Mwaka ule ndio kwanza nilikuwa nimeanza kufunga, na msiba niliuona ni wa mama na sisi watoto. Kumbe aliyekuwa akitulisha naye alikuwa mfiwa. Shangazi alimzika mdogo wake aliyembeba mgongoni. Baba mdogo alimzika kaka yake. Wote wawili walikiweka kando kilio chao ili sisi tupate wa kutubembeleza.

Mama alitoka eda Machi. Leo shangazi ni mtu mzima sana, macho yamepungua nuru, na sisi watoto wa mdogo wake tunagombania nani akae naye. Nikimwambia, "Ahsante, shangazi," hunikatiza: "Ahsante ya nini, mwanangu? Si kwetu?" Ni kwake, naam. Lakini udugu haumlazimishi mtu kuamka alfajiri, miezi na miezi, akiwa na kidonda chake mwenyewe, awapikie watoto wa mwenzake. Yeye aliamua kufanya hivyo. Kwa hiyo namshukuru kila siku, angali anasikia.