Besi Haizuiliwi na Ukuta

Ijumaa, 3 Machi 2023, Kilimani, Nairobi
Saa saba za usiku, spika za baa ya jirani bado zinanguruma uani. Maneno ya nyimbo siyasikii. Kinachopenya ukuta ni besi tupu. Maji ya glasi kando ya kitanda yanafanya viduara, na kioo cha dirisha kinalia kwa kila pigo.

Jumapili, 5 Machi
Nimezisoma kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009. Mtaa wa makazi uliochanganyika na maduka na burudani umewekewa desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unaanza baada ya saa mbili. Thelathini na tano ni kama mnong'ono! Magari ya Ngong Road peke yake yanaizidi. Kiwango ambacho kila mtu anakivunja humwachia askari uhuru wa kuchagua atakayemkamata, na asiye na chochote mfukoni ndiye anayeumia. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata kwenye muziki.

Jumatano, 8 Machi
Mzee wa ghorofa ya pili alifunga mitambo ya sauti maisha yake yote. Nilimwuliza mbona kipimo cha simu kinaonyesha namba ndogo huku dirisha likitetemeka.
"Mwanangu, hicho kinapima desibeli za A," akasema. "Kinafuata sikio, na sikio halisikii vizuri sauti nzito. Besi ya hezi 50 kinaipunguzia desibeli 30 nzima."
Kanuni zetu nazo zinatumia desibeli hizohizo za A. Ndiyo maana mwenye baa anaweza kuonyesha namba nzuri na sisi tusilale.

Jumamosi, 11 Machi
Novemba iliyopita Gavana wa Nairobi, Sakaja, alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi. Nilifurahi, lakini nawafikiria pia wahudumu na madijei wanaolipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Baa inaweza kubaki. Spika ziingizwe ndani na besi ipunguzwe.

Katiba imeikabidhi kaunti udhibiti wa kelele. Basi kabla ya kutia sahihi leseni yoyote, maofisa wake waje usiku, wapime besi pamoja na hizo desibeli za A, na wapimie ndani ya vyumba tunamolala.