Bei ya Motokari Haiishi Siku ya Kununua



Mwezi uliopita vijana watatu kutoka machimbo ya Rubaya walifika kwangu Goma. Walikuwa wamecheza likelemba miaka miwili, na feza yao ya jasho ikatosha kununua Hiace iliyokwisha kutumika. Mmoja wao akasema, "Pasta, tumekuja utuombee. Tunataka kuacha mashimo. Motokari itatulisha."

Mbele ya kuomba niliwauliza neno moja: "Mkiisha kulipa, mtabaki na ngapi?" Wakaangaliana, wakacheka. "Hakuna kitu, Pasta. Feza yote inaenda kwa motokari."

Basi nikawaambia wakae. Mama watoto akaleta chai, nami nikawaelezea habari ambayo mpaka leo inanipa haya.

Hiace ya kanisa

Tuliinunua mwaka 2018. Ilitoka Japani, ikashuka Mombasa, ikapita Uganda mpaka kwetu. Kule Japani usukani uko kuume. Huku tunapita upande wa kuume wa njia, kwa hiyo ilikuwa imekwisha kuhamishiwa kushoto. Tuliiosha, tukaiimbia. Siku ya Mungu ilibeba wanakwaya na wagonjwa. Siku zingine ilifanya teksi ili ijilipie mazutu.

Hakuna mtu aliyeuliza moteri imetembea kilometa ngapi. Saa yake ilionyesha hesabu ndogo, na sisi tulipenda kuamini.

Wenyeji wa Goma mnajua njia zetu. Nyingi ni mawe ya volkano. Yanakata pine kama wembe, yanagonga amortisa na rotili za mbele, na vumbi lake jeusi linaziba filitri ya hewa. Halafu maji. Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi. Ukiyatia ndani ya radiateri kila siku yanaacha ukoko kama ule wa ndani ya birika, na pole pole njia za maji zinaziba.

Mwezi wa tatu 2021 shofere wetu, mzee wa kanisa, alinijia mara mbili. Alisema radiateri inavuja na mpira wa maji umevimba. Fundi aliomba dola 35 kwa kazi yote. Nikamjibu, "Ngoja kidogo, Baba. Pasaka inafika, tunalipa kwanza vipaza sauti." Akanyamaza. Mtu akimheshimu pasta wake, ananyamaza hata pale angepaswa kupiga kelele.

Njia ya Sake

Siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, magaribi, Nyiragongo ikapasuka. Moto wake ulikata njia ya Rutshuru, ukasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji iondoke. Majengo yetu ilikuwamo. Wengi walielekezwa Sake, na njia ikajaa watu, magodoro, mbuzi na watoto.

Tulipakia watu kumi na wanane pamoja na mizigo. Magari yalitambaa. Motokari ikienda mbio, upepo unaisaidia radiateri. Ikitambaa na mzigo mzito, msaada ule unakosekana. Ndani ya Hiace moteri iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nilisikia joto chini yangu mbele ya kuona mshale umepanda. Shofere akasema, "Pasta, tusimame ipoe." Nikasema, "Endelea, watu wanaogopa." Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilizidi la kwanza.

Tulipopita Mugunga mpira ukapasuka. Mvuke ukajaa ndani, watoto wakalia. Tukafunga mpira kwa kitambaa, tukamwaga maji ya baridi katika moteri ya moto, tukawasha tena. Ilienda hatua chache, ikafa. Kichwa cha moteri kilikuwa kimepasuka.

Watu wakashuka, wakashika njia kwa miguu. Kulikuwa mama mjane, mzee sana, magoti yake hayafai. Kijana mmoja wa chukudu akashusha gunia lake moja, akampa mwenzake alibebe, akamkalisha mama pale juu. Mimi nikasukuma kwa nyuma.

Mara mbili yule kijana alisimama kupaka mafuta kwenye magurudumu yake ya mti. Watu walikuwa wanatupita, nami nikaanza kumharakisha. Mama yule akanigeukia, akasema kwa upole, "Pasta, mwache apake. Njo maana tutafika."

Tulifika Sake usiku. Hakunilaumu hata siku moja, na neno lake halijanitoka.

Tuliporudi mji, fundi akafanya hesabu: kichwa cha moteri, piyesi zingine na kazi, dola 740. Kwa kukataa kutoa 35! Hiace ilisimama uwanjani miezi minne. Wagonjwa tuliokuwa tunawapeleka hospitali walitafuta pikipiki, na wengine walikosa feza ya pikipiki.

Mambo niliyowaambia vijana

Kwanza, msimalize feza. Gaweni mafungu matano. Nunueni motokari ya mafungu manne, la tano libaki, kwa sababu motokari iliyotumika itaanza kuliomba mwezi wa kwanza.

Pili, mwende na fundi wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji. Aiwashe asubuhi ikiwa baridi. Aangalie kama mafuta yameingia katika maji, na kama moshi mweupe unaendelea hata moteri ikiisha kupata moto. Aukague usukani vizuri ikiwa ulihamishwa.

Tatu, moteri nyingi za mazutu za Hiace hizi za zamani ziko na mkanda wa ndani, ule mashofere wanaouita distribisio. Unapaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na moteri inakufa. Saa ya kilometa msiiamini. Wekeni mkanda mpya siku mnayonunua.

Nne, jioni, mbele ya kugawana, ondoeni feza ya vidanji, ya pine na ya freni. Filitri ya hewa isafishwe mara kwa mara, maana vumbi letu halingojei. Anayeendesha asiwe ndiye anayeshika sanduku. Mama wa nyumba aweza kulishika vizuri, kwani yeye amezoea kugawanya unga mpaka mwisho wa mwezi.

Tano, shofere akisema tusimame, msimame. Awe na ruhusa hiyo hata mbele ya mwenye motokari, hata mbele ya pasta.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ya kwamba akae kwanza na kuhesabu gharama. Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi. Ile 2021 sikuhesabu.

Kisha tukaomba. Vijana hawakufurahi sana. Walitaka baraka, nikawapa hesabu. Lakini mmoja, walipofika mlangoni, alirudi peke yake akauliza, "Pasta, na nyinyi, sanduku lenu liko wapi?"

Nikampeleka kwa mama mwenye kuongoza kwaya, jirani yetu. Akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kilichotobolewa. Nikamwambia, "Shofere akija hapa kuomba feza ya motokari, mama anampa. Hapiti kwangu tena."

Kijana akalitikisa kidogo, akasikiliza, akamrudishia mama kwa mikono miwili.