Chipukizi na Magwiji Katika Jarida Moja

Aghalabu tunapolitaja jarida la Penpoint, lililoanzishwa Makerere mwaka 1958, huorodhesha majina makubwa yaliyopitia humo, kisha tukanyamaza. Mimi huvutwa zaidi na kisa kidogo ambacho marehemu Ngugi wa Thiong'o alikisimulia katika dibaji ya Secret Lives (1975). Mwaka 1960, akiitwa James Ngugi, alimsimamisha Jonathan Kariara nje ya bweni lao, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi. Je, angependa kuitazama? Hadithi yenyewe haikuwapo. Kariara alipoitikia, ikambidi mwenzake akaiandike. Ndiyo iliyochapishwa katika Penpoint kwa jina la "The Fig Tree", na ambayo katika mkusanyiko huo inaitwa "Mugumo".

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama kioja cha ujana. Lakini mtazame Kariara. Hakuwa profesa wala mchapishaji, bali mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyejishughulisha na jarida. Angeweza kusema hana nafasi. Ombi lile lilipata uzito kwa sababu nyuma ya msikilizaji palikuwa na kurasa zinazosubiri kujazwa. Pasipo kurasa hizo, yangebaki maongezi ya njiani tu.

Hata hivyo, mlango huo ulifunguka kwa Kiingereza. Mtunzi wa Kiswahili alikuwa na baraza lake kwingineko, tena la zamani zaidi: gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na kwa desturi yetu ya kujibizana kwa tungo, asiyejulikana aliweza kumjibu bingwa beti kwa beti. Hakuna aliyemwomba cheti. (Wahakiki wanaodhani kwamba kuwachanganya wapya na wakongwe ni ubunifu wa vyuo vikuu, heri wayafunue magazeti hayo.) Hadithi fupi ndiyo iliyokosa baraza la namna hiyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo siridhiki na majarida ya idara yanayowatanguliza magwiji, kisha yakawatengea wanafunzi kurasa za mwisho chini ya kichwa "Chipukizi". Msomaji huelekezwa, kabla hajasoma neno, nani wa kusikilizwa na nani wa kuvumiliwa. Gwiji naye hudhulumika: shairi lake dhaifu hupita bila kuhojiwa, maadamu jina limetangulia. Nimeisoma miswada ya pande zote mbili kwa miaka kadhaa, na si mara moja nimekuta sentensi hai zaidi katika karatasi zilizoandikwa kwa mkono na mtu nisiyemjua.

Katika toleo tunaloliandaa nimependekeza majina yapangwe kialfabeti. Mwenzangu idarani ameuliza iwapo mshairi wetu mashuhuri atakubali kumfuata mwanafunzi wa mwaka wa pili. Barua ya kumwuliza mshairi mwenyewe imekwisha kutumwa.